Sumbawanga Sio Radi na Ungo Tu: Nilivyojifunza Kuchora Majabali ya Kwetu kwa Simu

Andika neno "Sumbawanga" kwenye mtandao wowote wa kijamii, halafu subiri dakika tano tu. Watakuja na radi, ungo na paka mweusi. Kuna staa mmoja wa hapa mjini (jina kapuni) aliwahi kuposti picha ya vibanda gizani, radi inapasua anga, na juu yake kaandika "Karibuni Sumbawanga". Laiki zikamiminika. Na mimi nilicheka, utani ni utani. Ila nilipoiangalia vizuri ile picha nikaona milima ya nyuma ina ncha kama sindano na theluji kileleni. Yaani Ufipa imeanguka theluji, jamani!

Ndo nikaanza kuchora. Niliona kwamba kama sisi wenyewe hatuweki picha za kwetu, watu watatuwekea za kwao. Na kwa taarifa yenu, wenyeji wengi watakwambia jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mji unawaambia mtupe, nyie mnaokota mnaposti.

Tuanze na vifaa, maana hilo ndo swali la kwanza la kila mtu. Natumia simu ya kawaida, programu ya ibisPaint X ile ya bure, na kidole. Kalamu ya skrini ya bei poa ilikuja baadaye. Mwenye kompyuta apakue Krita, nayo bure kabisa. Na usijidharau: Edward Saidi Tingatinga alianza pale Dar miaka ya 1960 na rangi za kupakia baiskeli, akichora kwenye hadibodi, bila chuo chochote cha sanaa. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Kwa hiyo ile "sina aipadi" tuiweke pembeni.

Kazi ngumu ni kupata mwalimu. Video za kufundisha zimejaa, ila karibu zote nilizokutana nazo zinachora mlima ule ule: ncha kali, theluji, ziwa la bluu mbele. Ukifuata hatua kwa hatua unapata picha safi, tatizo ni mlima wa mtu mwingine.

Kwetu ardhi imekaa tofauti. Juu kwenye uwanda uko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kuna nyasi na vilima vya mviringo mpaka macho yanachoka. Miti ya asili ni michache, misitu mingi iliyobaki imejibana kwenye milima ya Mbizi, wanakoishi wale mbega wekundu. Halafu ukielekea upande wa Ziwa Rukwa, ghafla ardhi inaisha. Mbele yako hewa, chini yako majabali. Huo ndo ukingo wa Bonde la Ufa, wenyewe tunauita Lyamba lya Mfipa. Kutoka vilele vya Mbizi mpaka usawa wa ziwa ni zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Hapo ndo darasa langu.

Haya, haya ndo niliyoyapata.

Kwanza, sahau rangi. Finya macho uangalie eneo mpaka vitu vidogo vipotee. Utabaki na mabaka matatu: jabali la karibu ni jeusi, safu ya katikati ni ya kijivu, na ya mbali kabisa imepauka. Yachore hayo matatu kwa kijivu tupu, kila moja kwenye leya yake. Kama picha inaeleweka hapo, rangi zitakuja kupamba tu. Kama haieleweki, hakuna rangi itakayoiokoa.

Pili, jua liko wapi? Ukingo wetu unatazama bondeni, kaskazini-mashariki. Asubuhi jua linaupiga usoni, kila ufa unaonekana. Jioni jua limeshahamia nyuma ya uwanda, ukuta wote unakuwa kivuli. Sehemu ile ile, picha mbili tofauti kabisa. Kabla ya chochote mimi nachora mshale kwenye kona kuonyesha mwanga unakotoka, naufuta nikimaliza. Halafu kila jabali nalifikiria kama boksi, sio kama kiazi. Boksi lina juu, lina ubavu wa jua na ubavu wa kivuli. Tumia brashi yenye ukingo mkali, acha ile laini kwa ajili ya mawingu. Mwamba ukiulainisha unakuwa mkate.

Tatu, nyufa zina mpangilio. Miamba ya Ufipa ni ya kale mno, mingine ina karibu miaka bilioni 2. Ilibanwa na kupikwa huko chini ya ardhi, ndo maana mingi ina mistari inayoelekea upande mmoja. Tafuta huo uelekeo kwanza, kisha nyufa nyingi zifuate. Usizimwage kama unanyunyizia chumvi kwenye chipsi.

Nne, na hii ndo naipenda kinoma: hewa. Video zinasema milima ya mbali ni ya bluu. Sawa, mvua zikishasafisha anga ni ya bluu kweli. Ila njoo Septemba, nyasi zimechomwa, moshi na vumbi vimejaa bondeni. Mbali kote kunakuwa kijivu chenye wekundu kwa mbali, kama chai ya maziwa iliyopoa. Hiyo rangi hutaipata kwenye somo la mtu yeyote, nenda kaiangalie. Mimi naweka leya nyembamba ya hiyo rangi kati ya safu na safu, naipunguza mpaka ionekane kidogo tu.

Tano, ukubwa. Jabali lisilo na kitu kidogo pembeni yake linaweza kuwa kokoto. Fikiria maporomoko ya Kalambo, kule mpakani na Zambia. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200, na kwenye kuta zake wanaota korongo marabu. Yule ni ndege mkubwa, akisimama mbele yako anakutisha. Pale ukutani ni kinukta. Hicho kinukta ndo kinakwambia ukuta ni mrefu kiasi gani. Kwa hiyo kwenye ukingo wetu nikaweka lori moja dogo kwenye barabara ya kushukia Muze. Tone moja la rangi, na mlima mzima ukakua.

Picha hiyo ya lori niliipeleka kwa mama mdogo. Yuko Dar miaka mingi, na kazini kwake huwa anasema kwao ni Mbeya. Anasema amechoka kuulizwa kama anaweza kupiga mtu radi. Wanacheka wao, yeye anatabasamu, maisha yanaendelea. Nilimpa simu bila kumwambia ni wapi.

Akaikazia macho. "Si barabara ya Muze hii?"

"Ndiyo, mamdogo."

"Na ni asubuhi. Jioni pale kote kivuli. Hilo gari linapandisha mchele." Akaikuza kwa vidole viwili, akaenda nayo kona kwa kona mpaka chini. "Nani kakufundisha?"

Sikuwa na jibu la maana. Usiku nikaona ameiweka stetasi yake, ambayo wenzake wa kazini wote wanaiona. Kaandika neno moja: "Kwetu."

Sasa hivi nimehamia upande wa pili, Kasanga, mawe yanapoingia ndani ya Ziwa Tanganyika. Maji yananisumbua, ila tutafika. Na wewe kwenu kuna kilima, sio lazima kiwe Kilimanjaro. Finya macho, mabaka matatu, mshale kwenye kona. Kiko wapi, na saa kumi jioni kina rangi gani?