Kikombe cha Tatu

Nilikwenda Addis Ababa kujitolea katika nyumba ya watoto wenye ulemavu, nikijiona nimewapelekea msaada. Nililisha, nikafua, nikasukuma viti vya magurudumu. Kila alasiri mama mpishi alikaanga buni, akatwanga, akapika kahawa. Mimi nilikunywa kikombe kimoja, nikakimbilia kazini.

Siku moja msichana asiyeweza kusema alinishika kanga, asiniachie. Nikaketi. Waethiopia hunywa vikombe vitatu, na cha mwisho huitwa bereka, yaani baraka. Kumbe kila siku nilikuwa nikiiacha! Jioni ile sikumfanyia mtoto yule chochote. Nilikaa naye tu. Nilidhani Mungu amenituma kutoa, kumbe alitaka nami nipokee.