Mizani 16 za Udongo wa Ipililo

Mtunzi wa shairi la kawaida huhesabu mizani 16 katika kila mshororo: 8 za ukwapi na 8 za utao. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizifafanua kanuni hizo katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954, nasi walimu tukazirithisha darasani. Kwa miaka yote niliyofundisha Kiswahili sekondari niliwaambia wanafunzi wangu kwamba ufinyu wa kipimo ndio unaomlazimisha mtunzi kuchagua. Nimestaafu sasa, naishi hapa Ipililo, mkoani Simiyu, na 16 hiyo nimekutana nayo tena mahali nisipopatarajia: ndani ya mchezo wa kompyuta.

Mchezo wenyewe ni Minecraft. Ulianzia Sweden mwaka 2009 kwa kazi ya Markus Persson, na mwaka 2014 kampuni yake, Mojang, ikanunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 2.5. Dunia yake imejengwa kwa michemraba ya udongo, mawe, mchanga na magogo. Mchezaji huchimba na kujenga, na kwa intaneti hujenga pamoja na wenzake walio mbali. Wenye kuudharau wajue kuwa tangu mwaka 2012 shirika la UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, limeshirikiana na Mojang kuwapa wananchi, wakiwamo wa Kibera, nafasi ya kusanifu viwanja vyao vya wazi kwa kuutumia.

Mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, hujenga humo kijiji pamoja na marafiki wanne wa mikoa mbalimbali. Kila mmoja amepewa upande wake aufananishe na kwao. Mjukuu wangu akajenga nyumba, zizi na ghala, kisha akaniita nitazame. Nikamwambia, "Nyumba ni za kwetu, lakini zimejengwa ugenini." Udongo ulikuwa wa kahawia mororo, mfano wa bustani za Ulaya. Akacheka, akasema, "Basi, Babu, nitauchora upya."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi hiyo. Kila uso wa mchemraba ni picha ndogo yenye vichembe 16 kwa upana na 16 kwa urefu, jumla 256, na kila kichembe hubeba rangi moja tu. Ukichora picha yako na kuipa jina lile lile la faili, kisha ukaiweka katika folda inayotakiwa, mchezo huisoma hiyo badala ya ile ya awali. Vijana huiita teksicha. Mimi nimechagua kuiita uso, kwa kuwa mchemraba una nyuso 6 na neno hilo tunalo tayari.

Nikamuuliza, "Unachora udongo upi?" Akanitazama. Kwake udongo ulikuwa udongo tu. Wazee wa Usukuma waliugawa kwa majina, kuanzia miinuko ya mawe hadi bondeni. Luseni ni ule wa kichanga, mwepesi kwa jembe, unaopokea muhogo na karanga. Ibambasi ni mgumu, maji hayazami, na jembe hurudi juu. Mbuga ni mfinyanzi mweusi wa mabondeni: masika hunata miguuni, kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto huweza kuingiza mkono. Aliyeyajua majina hayo alijua pia apande nini na wapi, na hakuna aliyeweza kumuuzia ibambasi kwa bei ya shamba jema.

Chuo cha ualimu kilitufundisha kuanza na kinachoonekana, kwa hiyo nilimpeleka bondeni. Alipiga picha kwa simu, akarudi, akapaka uso mzima mweusi. Ulipowekwa kwenye mchezo ukafanana na makaa. Tukatazama picha tena: weusi wa mbuga una kijivu ndani yake, kingo za nyufa hupauka kwa jua, na weusi halisi umo kwenye ufa wenyewe. Rangi nne zilitosha. Kwa vichembe 256 huwezi kuchora kila ufa. Unachagua miwili itakayowakilisha yote, kama mtunzi anavyochagua silabi ipi ikae na ipi iondoke.

Kisha likazuka tatizo la pili. Michemraba ilipopangwa, nyufa zilikatika kwenye maungio, ardhi ikaonekana kama sakafu ya vigae. Ufa unaotokea kulia kwenye mstari wa tano hauna budi kuingilia kushoto kwenye mstari huo huo, na wa chini ukutane na wa juu. Nilimkumbusha pindu, shairi ambalo maneno ya mwisho wa ubeti hurudi kuanza ubeti ufuatao. Alilielewa pindu siku hiyo kuliko nilivyowahi kulieleza ubaoni. Akachora upya, na ardhi ikaunga.

Kazi ikabaki moja, nayo ndiyo iliyotuzulia mjadala. Pamoja na picha, mchezo unaruhusu kubadilisha faili la majina, yaani neno linaloonekana mchezaji anapokishika kitu. Mjukuu wangu alikusudia kuandika "Udongo 1", "Udongo 2" na "Udongo 3".

"Wenzangu hawajui Kisukuma, Babu."

"Nawe hukuyajua majina haya wiki iliyopita."

"Lakini mbuga watadhani ni ya wanyama."

Hoja yake ilikuwa na uzito. Katika Kiswahili sanifu mbuga ni uwanda, na wengi huwaza Serengeti kwanza. Nikamjibu kwamba neno hujifunza maana mpya linapotumika mbele ya kitu chenyewe, na kwamba namba hazimwelezi mgeni chochote: "Udongo 3" ungeweza kuwa wa popote, ila mbuga yenye nyufa zake ni ya huku. Alifikiri usiku mzima. Asubuhi nikakuta ameandika Luseni, Ibambasi na Mbuga Nyeusi. Kivumishi hicho alikiongeza mwenyewe, nami nakiona ni suluhisho zuri kuliko langu.

Tangu hapo marafiki zake wameanza kuulizana majina. Chombo cha kuzolea mchanga mmoja hukiita beleshi, mwingine sepeto, mwingine koleo. Kuhusu sururu na jembe hawana ugomvi. Nimewashauri wasitafute mshindi: kila mmoja aandike neno la kwao katika upande wake wa kijiji.

Ombi langu kwenu, malenga na wapenzi wa lugha, ni dogo. Udongo wa kwenu unaitwaje, na jina hilo humwambia nini mwenye jembe? Waulizeni wazee wangali nasi, mniandikie. Mjukuu wangu ana nyuso nyingi bado hazijachorwa, na amekwisha kunionya kwamba hatachora uso usio na jina.