Kumlisha Aliyechelewa

Ukitaka kumlisha kinyonga kwa mkono, kwanza kubali kwamba hakuhitaji. Mbwa atakufuata jikoni, na kuku watakukimbilia ukitikisa debe la mahindi. Kinyonga ana ulimi mrefu kuliko mwili wake, na nzi wanampitia bure kutwa nzima. Hana deni na wewe.

Huyu ninayemsema anaishi kwenye ua wa kaiyaba nyuma ya nyumba yetu, Nyeri. Ni dume wa pembe tatu, mbili juu ya macho na moja puani. Sijamtia kizimbani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na hata ingeruhusu, nilitaka abaki na nafasi ya kuondoka. Imani ya aliyefungiwa utaipimaje?

Nilianza kwa kukaa tu. Asubuhi za huku ni baridi, naye huamka akiwa mweusimweusi, ubavu ameuelekeza kwenye jua, maana rangi nyeusi hunasa joto haraka. Watu husema hugeuka rangi ili afanane na jani, na wanasiasa wetu wakihama chama tunawaita vinyonga. Lakini ukimtazama kwa siku nyingi unaona rangi yake haimfichi sana; inakwambia kama anasikia baridi, kama ana hasira, kama anaogopa.

Nikiwa hatua tano kutoka kwake, alikuwa anahamia upande wa pili wa kijiti na kujibana, mwembamba kama jani, jicho moja likinichungulia. Nikisogea zaidi anaiva weusi, anafungua mdomo na kutoa sauti ya tairi linalopungua upepo. Hapo narudi nyuma. Kazi yote iko hapo: akikataa, umsikie. Kila nilipoheshimu kukataa kwake, baada ya siku kadhaa aliniruhusu hatua moja zaidi.

Mkono nao haushuki kutoka juu, kwa sababu ndege wanaomla hutoka juu. Unauleta kutoka chini, polepole, na panzi umemshika kwa miguu ya nyuma. Halafu unangoja. Vidole vinakufa ganzi. Macho yake yanazunguka, kila moja na safari yake, moja likikutazama wewe na lingine likitazama mawingu. Siku yatakapogeuka yote mawili mbele na kumlenga panzi, usipumue. Kwangu ilikuwa wiki ya sita. Nilisikia mvuto mdogo kwenye vidole, panzi akawa hayupo.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni. "Unamlisha huyo?" akaniuliza. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nimepewa jina la baba yake, kwa hiyo huniita baba. "Huyo ndiye aliyechelewa, baba."

Hadithi yenyewe naijua tangu utotoni, na Wabantu wengi wanayo kwa namna yao. Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa. Akatembea mwendo wake ule wa kupima kila hatua mara mbili. Alipofika, akagugumia: nimeambiwa... nimeambiwa... Ndege akadakia na kusema watu watakufa, na ikawa hivyo. Ndiyo maana kijijini watoto humpiga mawe, na watu wazima hawawakatazi.

Ila Mama hakuwa anasimulia hadithi. Usiku ambao baba yetu alizidiwa, tulipiga simu tukaambiwa gari liko njiani. Lilifika kumekucha. Tangu hapo Mama hana huruma na kitu chochote kinachokawia, iwe matatu, mvua, au mtu aliyeahidi kuja saa nne. Mwezi huohuo alikuwa ameongea na kijana wa panga aje afyeke kaiyaba yote, tuweke ua wa waya.

Sikubishana naye. Mtu hasukumwi kutoka kwenye huzuni yake, kama vile kinyonga hasukumwi kwenye mkono. Niliendelea kukamata panzi. Mama akaanza kuleta chai yake mlangoni, halafu akaleta na kigoda, mbali kidogo na ua. Siku moja akasema, kama anayejisemea, "Kumbe halengi mpaka awe na hakika." Nikamwambia ndiyo, akikosea anapoteza nguvu bure. Akanywa chai.

Kijana wa panga alipokuja, Mama alimwonyesha wa kuanzia na wa kuishia. Alibakisha kipande cha upande wa bomba. Sikumuuliza kwa nini.

Sidai kwamba kinyonga ananipenda. Nadhani ameona tu kwamba mkono huu haumdhuru, na kwake hiyo inatosha. Kwangu pia.

Juzi alipotea siku nne. Nilienda kwa jirani kumwomba watoto wasimpige mawe wakimwona upande wao. Jirani akacheka. "Kinyonga wa mamako? Alishakuja kutuambia tangu Jumatatu."