Mtoto anayenyamaza naye anaumia



Tulikuwa tukimtembelea mtoto mmoja mwenye kansa ya taya. Hakulia, nasi tukamsifu: "Mvumilivu huyu!" Siku moja mama yake akamuuliza kama anaumia. Akajibu polepole: "Nikilia, panauma zaidi." Tuliona haya.

Sasa tunajua: mtoto mwenye maumivu makali anaacha kucheza, anakataa chakula, anaogopa kujigeuza. Tumuulize, tena tumwamini. Dawa apewe kwa saa zake, hata usiku, tusingoje alie. Parasetamoli ikishindwa, Shirika la Afya Duniani linakubali morfini ya kunywa hata kwa watoto. Kipimo ni cha muganga, sisi hatuongezi. Inafunga choo, basi tuombe pia dawa ya kulainisha. Si dawa ya kuharakisha kifo. Jirani zetu wa Uganda wanaitumia ya maji tangu 1993, na tangu 2004 wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika.

Tukifika hospitali, tusiulize ugonjwa tu. Tuulize pia: "Na maumivu yake, mtayatuliza kwa nini?"