Nani Anashika Bureti

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila aliyemaliza kidato cha sita akafanye kazi kwanza, walau miaka miwili, ndipo aombe nafasi chuo kikuu. Halikumbagua mtu. Mwanamke na mwanamume walipewa sharti moja. Lakini miaka miwili ya kusubiri haikuwa kitu kimoja kwa binti na kwa kaka yake. Binti akirudi nyumbani na cheti cha kidato cha sita, posa ilikuwa inagonga mlango, na akishaolewa na kupata mtoto, nani angemruhusu arudi darasani? Wasichana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapungua sana, mpaka serikali ikawaondolea sharti lile, wakawa wanakwenda moja kwa moja. Mimi ni mmoja wa waliopita mlango huo. Wenzetu wa kiume darasani walitwambia tumebebwa, na wengine walilisema mpaka siku ya mahafali. Sikubishana nao. Nilikuwa nimewaacha kijijini wasichana wawili walionizidi hesabu, waliotangulia mwaka mmoja tu kabla sharti halijalegezwa.

Mwaka 1984 nilipangiwa kufundisha kemia na fizikia katika shule ya bweni ya mchanganyiko, Nyanda za Juu Kusini. Nchi ilikuwa bado haijapata pumzi baada ya vita vya Kagera, na kilichoadimika dukani, maabarani hakikuonekana kabisa. Kemikali tulizoagiza hazikufika. Tulikwenda gereji mjini kuomba asidi ya betri, tukairudisha shuleni kwenye galoni la plastiki na kuizimua taratibu, asidi ikimiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Alkali tuliitoa jikoni: majivu yaliloweshwa usiku kucha, asubuhi yakachujwa kwa kitambaa. Mbele ya ofisi kulikuwa na uzio wa maua mekundu ya haibiskasi. Tuliyachemsha tukapata maji ya rangi, ukiyadondoshea limau yanakuwa mekundu, ukiyatia maji ya majivu yanageuka kijani. Wanafunzi waliyapenda mno maji yale. Naamini walijifunza asidi na besi zaidi kwa maua yale kuliko kwa kitabu chochote nilichokuwa nacho.

Kwa karatasi ya vitendo ya kidato cha nne, hata hivyo, ilibidi tutumie vifaa vyenyewe, na bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia yenye koki, zilikuwa chache. Kundi la wanafunzi wanane lilipata moja. Nikawa napita kati ya meza nikitazama, na nilichokiona meza ya kwanza nilikiona ya pili na ya tano. Mvulana mmoja ameshika koki ya bureti. Wa pili anatikisa chupa. Wa tatu ameinama usawa wa macho anasoma kipimo, chini ya mbonyeo wa maji kama nilivyowafundisha. Msichana ana kalamu. Nilipouliza kwa nini yeye ndiye anayeandika, kundi zima lilijibu kwa nia njema: "Ana mwandiko mzuri, Madam." Naye msichana akatabasamu, maana ilikuwa sifa.

Siku ya mtihani kila mtu anashika bureti mwenyewe. Yule mwenye mwandiko mzuri alikuwa anaifungua koki kwa mara ya kwanza maishani. Rangi inapogeuka kutoka njano kwenda chungwa, tone moja likizidi umeharibu, na kidole kisichozoea hakiwezi kuzuia tone moja. Ripoti za usahihishaji zilikuwa zikisema watahiniwa wa kike ni dhaifu katika vitendo. Walimu wenzangu walizisoma ofisini na kutikisa vichwa kwa huruma, kana kwamba ni habari ya maumbile.

Nikabandika ratiba ukutani. Kila zoezi, mshika bureti anabadilika kwa majina, na hakuna kuachiana zamu hata kwa hiari. Hilo la hiari ndilo lililoleta maneno, kwa sababu wasichana wenyewe walikuwa wakitoa zamu zao kwa heshima tu, kama mtu anavyompisha mkubwa kiti. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla mikono haijatulia. Sikuongeza bureti hata moja, na wala nisingeweza.

Ni vizuri vijana wa leo wajue kwamba haya hayakuwa ya shule yangu peke yake. Sekondari za wakati ule zilikuwa na michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansikimu. Shule nyingi za wasichana zilipewa sayansikimu. Ufundi ulikaa Ifunda, Moshi na wenzao, ambako madawati yalijaa wavulana. Kwa hiyo cherehani na jiko vilinunuliwa upande mmoja, mashine za kuchonga vyuma upande mwingine, na msichana aliyetaka kuwa mhandisi alianza safari akiwa ameshachelewa. Nikisikia leo serikali inajenga shule za wasichana za sayansi katika kila mkoa, nafurahi kwa moyo wote, na namwomba Mungu maabara zake zifunguliwe na vifaa vitumike, visibaki kabatini vikisubiri wageni.

Kompyuta zilitukuta karne mpya ilipoanza. Vijana hushangaa nikiwaambia kwamba mwaka uleule wa 1974 nchi yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, na kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka 1994. Walimu wengi tuliokuwepo tulikuwa hatujawahi kugusa kibodi. Basi zilipoletwa kompyuta kumi zilizotumika, zawadi ya marafiki wa kanisa kutoka nje, shule nzima ilitoka kuzipokea kama bibi harusi. Chumba kikawekwa nondo madirishani na zulia sakafuni, na viatu vikawa vinavuliwa mlangoni kwa kuogopa vumbi.

Umeme haukuwa umefika. Jenereta ya shule iliwashwa baada ya chakula cha jioni, na mafuta yalitosha muda wa prepo tu. Mkuu wa shule wa wakati huo alitangaza paredini kwamba chumba ni cha wote, mvulana na msichana, kidato cha kwanza hadi cha nne. Alisema kweli tupu, na nina hakika aliamini alichosema.

Nilikuwa zamu jioni moja, nikapita pale. Mlangoni vilipangwa viatu: buti za mvua, raba zilizokatika visigino, ndala za matairi, viatu vyeusi vya shule vya namba kubwa. Nikapita kesho yake, na wiki iliyofuata. Sikuona kiatu cha msichana hata kimoja. Geti la bweni la wasichana lilifungwa saa moja na nusu usiku kwa ajili ya usalama wao, na prepo yao waliifanyia bwaloni humo ndani, matroni akiwa mlangoni. Nilimuuliza dada mkuu kwa nini hawaendi. "Hatujakatazwa, Madam," akasema, "ila geti likishafungwa tunatokaje?"

Kikao cha walimu kilikuwa kirefu. Mwalimu wa taaluma aliona kwamba wasichana wakipewa jioni zao kama nilivyotaka, wavulana watapungukiwa. Mwingine akapendekeza Jumamosi asubuhi, na wengi wakaafiki, mpaka matroni, ambaye kwa kawaida hakusema kitu kwenye vikao, aliponyoosha mkono. Akauliza kama tunajua Jumamosi asubuhi wasichana wako wapi. Walikuwa mtoni, wakifua na kuchota maji ya bweni na ya jikoni. Wavulana walichota ya bweni lao tu. Wanaume waliokuwa pale walikuwa wameishi shuleni miaka mingi na hawakuwahi kulitambua hilo. Ikakubaliwa wasichana wapate jioni mbili za katikati ya wiki, matroni awasindikize kwenda na kurudi na karabai, na maji ya jikoni yagawanywe sawa. Hilo la maji lilipingwa kuliko la kompyuta.

Muhula uliofuata, aliyetufundisha sisi walimu kujumlisha alama za mitihani kwa kompyuta, badala ya kukesha na kikokotoo, alikuwa binti wa kidato cha tatu. Yule mwalimu wa taaluma ndiye aliyekaa karibu naye zaidi, akiuliza maswali kwa daftari mkononi. Namheshimu mpaka leo kwa hilo.

Nilimalizia kazi katika shule ya kata, miongoni mwa zile zilizochipuka kila mahali baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004. Haikuwa na maabara. Watahiniwa wetu walifanya karatasi ya mbadala wa vitendo: wanachorewa bureti, wanasoma kipimo kwenye picha. Nilikuwa nabeba bureti halisi kwenye mkoba, nimeizungushia kanga isivunjike, ili angalau waiguse. Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata ijenge maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, wananchi walichangishwa kwa nguvu na wengine walilalamika, na ukali wa makusanyo ulikuwa na makosa yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu, lakini nilibeba mawe pamoja na wazazi.

Chumba cha kemia kilipokamilika, mwalimu kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu alipanga vitendo vifanyike saa tisa alasiri, baada ya vipindi. Shule ni ya kutwa, na saa tisa wasichana wa vijiji vya mbali wanaanza kutembea ili giza lisiwakute njiani, na nyumbani sufuria inawasubiri. Alinionyesha ratiba akiwa na furaha. Nikamwomba daftari la mahudhurio ya wiki zile za mwanzo, tukalisoma pamoja jina kwa jina, na kabla hatujafika mwisho wa ukurasa alikuwa ameshachukua kalamu. Vitendo vikahamia kipindi cha kwanza asubuhi, historia ikasogea mchana.