Wembe wa Baba na Kisanduku cha Mwanetu

Kila Ijumaa asubuhi, jua la Voi lingali na huruma, sisi hukaa barazani kwetu Mbololo na kikombe cha maji, kipande cha sabuni, jiwe la shabu, na mashine ya kunyolea ya chuma tuliyoirithi kwa marehemu baba. Ni ile inayofunguliwa kichwa na kutiwa wembe wa makali mawili. Ndevu tunaziacha, tunanyoa kichwa na kupunguza masharubu. Maji ya kikombe kimoja yanatosha, nasi watu wa huku twaijua thamani ya maji, kwani bomba la Mzima hupita katika kaunti yetu likienda kuwanywesha watu wa Mombasa.

Wembe huo huuzwa dukani kwa shilingi chache. Mmarekani King Camp Gillette alipewa hataza yake mwaka 1904, na hataza hiyo ilikwisha muda zamani. Ndiyo sababu viwanda vingi hutengeneza nyembe za umbo lile lile, na zote huingia katika mashine ya baba. Wanazuoni nao, katika kutaja mambo ya fitra, kunyoa sehemu za siri wamekuita istihdadi, neno litokanalo na hadidi, yaani chuma. Chuma kimetajwa, krimu haikutajwa. Na muda, kama alivyopokea Anas katika Sahihi Muslim, usizidi siku 40.

Idi iliyopita mwanetu afanyaye kazi Mombasa alituletea kisanduku cheusi kilichopambwa. Ndani mlikuwa na mpini wenye nyembe tano zilizopangwa pamoja, povu la kopo, mafuta ya kabla na manukato ya baada. Tukamwuliza bei, naye kwa ukweli wake akaitaja. Ilizidi posho ya nyumba yetu ya wiki nzima. Hapo hapo, mbele ya mama yake na wageni waliokuja kula pilau, tukamsomea aya ya wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani, tukaifasiri kwa kirefu. Hakujibu neno. Alikiacha kisanduku juu ya meza akarudi kazini.

Baadaye tulikijaribu. Nyembe tano hizo hukata unywele chini ya ngozi, na nywele zetu za kipilipili zikianza kuota hujipinda zikaingia nyamani. Wiki haikwisha kisogo kikajaa vipele. Tulifurahi, Mungu atusamehe, kwamba tulikuwa na haki.

Lakini haki ile haikutupa usingizi. Tumefundisha vijana miaka mingi ile hadithi ya Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, lau angepewa zawadi ya mguu wa mnyama angeipokea. Daima tuliifasiri kuwa ni adabu ya kutodharau kidogo. Hatukuwahi kufikiri kwamba mtu aweza kudharau zawadi kwa kuwa ni kubwa, wala kwamba mashine kuukuu yaweza kumpa mwenyewe kiburi ambacho manukato hayakipi. Mtoto yule alikuwa ameweka akiba. Kama bei ilitukera, tungemwambia faraghani, baada ya kusema ahsante.

Tulimpigia simu tukamwomba radhi. Kwa baba wa Kitaita au wa Kipwani si jambo jepesi, na tulikohoa sana kabla ya kulitamka.

Mwezi uliofuata alikuja. Tuliona naye ana vipele kisogoni, tukacheka sote wawili. Tukamketisha barazani, tukafungua wembe mpya, maana wembe hautumiwi na watu wawili, tukampaka sabuni. Mashine hiyo ndiyo aliyonyolewa na babu yake siku ya saba, siku ya akika yake, nywele zikapimwa na thamani ya uzito wake kwa fedha ikatolewa sadaka. Tulipomaliza tulimpitishia shabu. Akaruka kwa kuwashwa.

Kile kisanduku cheusi sasa ndimo tunamoweka mashine ya baba, shabu na pakiti ya nyembe. Kinafunga vizuri, vumbi la Voi haliingii.