Mbwaa ya Baba

Tulitia nanga saa tano asubuhi katika mkono wa bahari unaoelekea Takwa, kisiwani Manda. Nahodha alitua tanga, akalikunja kwenye foromali, kisha akaiteremsha polepole nanga ya vidole vinne, kamba ikimpita viganjani mpaka ikalegea. “Mzee, hapa twangoja maji,” akaniambia, akajilaza kofia usoni. Mashua ikatulia. Hapakuwa na upepo, wala sauti ya injini, ila kaa wakitembea kwenye tope.

Baba yangu, Mmeru wa Imenti, hakuwahi kuiona bahari. Wala sijapata mtu aliyenisimulia bahari kama yeye. Jioni, akichochea moto, angeanza: tulitoka Mbwaa, kisiwani. Nguuntune, watu wa nguo nyekundu, walitutumikisha, wakatupa masharti yasiyotimizika, hata kiongozi wetu Koomenjoe akatutoa. Waliovuka usiku ndio Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri ndio Ndune, wekundu. Waliovuka jua limetoka ndio Njeru, weupe. Alisema “tulivuka” kana kwamba miguu yake mwenyewe ililowa. Na maji yale, alisema, yalikwenda na kurudi kila siku, kama ng’ombe na malisho. Utotoni niliona hayo ni mapambo ya hadithi. Kwetu mito huteremka tu, hairudi.

Mama ni wa Embu. Ukimwuliza chimbuko lao, atakuelekeza kwenye kichaka cha Mwenendega karibu na Runyenjes, nawe utafika, utaigusa miti. Baba alimwonea wivu kwa hilo. Yeye chimbuko lake lilikuwa mdomoni tu.

Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyeketi na wazee wa Kimeru akaandika masimulizi yao, aliona kwamba Mbwaa ni Manda. Wako wasiokubali. Nilipomweleza Baba habari hiyo, alinyamaza kitambo, kisha akauliza nauli ya Lamu ni kiasi gani. Nikamwahidi Desemba. Alifariki Oktoba.

Nilikuwa nikiutazama mzizi mmoja wa mkoko, chaza watatu wameung’ang’ania. Maji yalimfunika wa chini bila mimi kuona yalipofika. Nikatazama tena, wa pili hayupo. Kamba ya nanga ikakaza, mashua ikageuka taratibu kuelekeza omo baharini, na tope lote lililokuwa wazi likawa bahari. Nilijikuta nimefungua mdomo nimwambie: Baba, yanarudi kweli.

Nahodha aliamka, akashika pondo, tukapenya mikokoni hadi magofu. Takwa ulikuwa mji. Watu wakauhama katika karne ya 17. Kaburi lake la mnara lina mwaka wa 1094 Hijria, na watu wa Shela, wanaosemekana ni wazao wa waliohama, hadi leo huvuka kuja kuomba dua hapo. Nilisimama kando yake. Wamekwisha kuhama, lakini wana mahali pa kurudi na kusema neno. Hilo ndilo nililomnyima Baba kwa miezi miwili, nikidhani nina muda.

Yamebaki maswali ambayo ni yeye tu angeyajibu: walivuka upande gani, nani alibeba watoto, walikula nini asubuhi ile. Sikuuliza. Nilidhani hadithi naijua.

Tumemzika shambani kwetu, mahali ambapo usiku husikika mto Kathita. Kathita huingia Tana, na Tana huingia baharini karibu na Kipini.